Muswada wa Kutengua Ubaba: Jinsi ya Kujua Nani Atalipa

Kuna muswada ambao mabunge ya majimbo ya Marekani huurudia kila baada ya muda. Mwanamume aliyetajwa na mahakama kuwa baba, akaamriwa kulipa matunzo, anataka kurudi mbele ya jaji na majibu ya kipimo cha DNA yanayosema mtoto si wake. Muswada unasema aruhusiwe, hukumu ya ubaba itenguliwe, na amri ya matunzo ianguke nayo. Ukumbini watu hugawanyika mara moja. Hawa wanamlilia mwanamume aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake, wale wanamlilia mtoto atakayeamka asubuhi hana baba kisheria. Mimi sikuajiriwa kumlilia yeyote. Nilikuwa mchambuzi katika ofisi ya bajeti ya bunge la jimbo moja, na kazi yangu ilikuwa kuandika ukurasa mmoja au miwili unaoambatana na muswada: ukipita, hazina ya umma itagharimika kiasi gani. Miswada ya familia ilitua mezani kwangu kwa sababu wenzangu walipenda barabara na magereza, vitu vinavyopimika kwa kilomita na vitanda.

Naeleza hapa jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, kwa yeyote atakayekutana na muswada wa aina hii: mwandishi wa habari, mwanafunzi wa sheria, karani wa kamati, au mzazi anayetaka kujua kama namba iliyotajwa kamatini ina mashiko. Msimamo wangu niuseme mapema. Namba kubwa utakayopewa kwanza karibu kila mara si gharama, na gharama yenyewe imekaa mahali ambapo hakuna aliyekuonyesha.

Kwanza, fedha ina umri gani?

Chukua maandishi ya muswada wenyewe, penseli mkononi. Ruka dibaji; dibaji ni hotuba. Fedha za matunzo zina umri wa aina tatu: zilizokwisha kulipwa, zinazodaiwa hadi leo (yaani malimbikizo), na zitakazodaiwa kuanzia kesho mpaka mtoto awe mtu mzima. Tafuta muswada unasema nini juu ya kila fungu, uandike pembeni. Miswada inayofanana kwa maneno inaweza kutofautiana bei sana hapa.

Tazama majimbo matatu. Florida ilipotunga sheria yake mwaka 2006, iliweka nafuu kwa malipo ya mbele tu, na ikaandika wazi kwamba haimpi mtu haki ya kudai alichokwisha kulipa. Texas, mwaka 2011, ilisema amri ikitoka wajibu wa mbele unakoma, riba juu ya deni la zamani inaacha kukua, lakini deni lenyewe linabaki palepale. California, mwaka 2004, ilikwenda mbali zaidi: hukumu ikitenguliwa, malimbikizo nayo yanafutwa, ila aliyelipa harudishiwi hata senti. Mwanamume yuleyule, kipimo kilekile, bili tatu.

Muswada ukinyamaza kuhusu fedha zilizokwisha kulipwa, usiuzibe ufa huo kwa kubahatisha. Mpigie simu msaidizi wa mbunge aliyeuleta. Asipokujibu kwa uhakika, andika makadirio mawili, moja lenye marejesho na moja bila. Marejesho ndiyo kipengele kinachoweza kuugeuza muswada mdogo kuwa balaa, kwa sababu zaidi ya asilimia 95 ya fedha zinazokusanywa na mpango wa matunzo nchini Marekani huenda kwa familia. Zilikwisha kuwa viatu na kodi ya nyumba. Atakayedaiwa kuzirudisha ni mama asiyekuwa nazo, au hazina.

Angalia pia ukomo wa muda. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inaitambua hati ya hiari ya kukiri ubaba, ile inayosainiwa mara nyingi hospitalini mtoto akizaliwa, kuwa na nguvu ya hukumu. Aliyesaini ana siku 60 za kuifuta, au chini ya hapo kama shauri linalomhusu mtoto limefika mbele ya jaji mapema. Baada ya hapo lazima athibitishe udanganyifu, shinikizo, au kosa la msingi kuhusu ukweli wa jambo. Sheria ya mfano ya uzazi ya mwaka 2017, iliyoandikwa ili majimbo yaiige, inatumia miaka miwili kama mpaka wa kupinga. Muswada unaofuta mipaka yote na kusema "wakati wowote" unafungua kabati lenye mafaili ya watoto ambao sasa wanaota ndevu.

Pili, mfuko ni wa nani?

Wengi hukosea hapa, hata wabunge wazoefu. Husema "serikali" kana kwamba ni mfuko mmoja. Mpango wa matunzo ya watoto ulianzishwa na sheria iliyosainiwa na Rais Gerald Ford Januari 1975, na tangu hapo ni ubia. Jimbo linaendesha, Washington, yaani serikali ya shirikisho, inarudisha asilimia 66 ya gharama za uendeshaji. Kipimo cha maabara zamani kilirudishiwa asilimia 90. Tangu Oktoba 2006 nacho kimeshushwa hadi 66. Kwa hiyo afisa wa jimbo akitumia saa nane kwenye faili la kutengua, jimbo linabeba kama theluthi moja tu ya mshahara wa saa hizo.

Ila 66 hiyo haigusi kila kitu, na orodha ya visivyoguswa inafaa kubandikwa ukutani. Kanuni za shirikisho hazirudishi mishahara ya majaji. Hazirudishi malipo ya wakili wa mdaiwa asiye na uwezo. Na hazirudishi malipo ya mtu anayeteuliwa na mahakama kumsemea mtoto. Hivi vitatu hulipwa na jimbo au kaunti peke yake, dola kwa dola. Sasa fikiria shauri la kutengua ubaba lina watu gani chumbani: jaji, mwanamume ambaye mara nyingi hana uwezo, na mtoto anayehitaji wa kumsemea kwa kuwa maslahi yake si ya mama wala ya mwanamume. Yaani shauri hili limejaa vitu vilevile ambavyo Washington hailipi.

Upande wa mapato, kumbuka sheria ya kukabidhi haki. Mama akipokea TANF, msaada wa fedha kwa familia maskini zenye watoto, haki ya matunzo ya kipindi hicho anaikabidhi kwa jimbo. Kinachokusanywa jimbo linaweza kukizuia kufidia msaada lililotoa, kisha linagawana na Washington kwa uwiano uleule ambao jimbo hilo hugawana nayo gharama za Medicaid, bima ya afya ya watu wenye kipato kidogo. Deni analodaiwa mwanamume kwa hiyo lina wenyewe wawili: sehemu ya jimbo na sehemu ya mama. Ukiona ripoti inayataja malimbikizo kwa jumla bila kugawa hivyo, irudishe.

Tatu, malimbikizo si fedha

Hapa nitakaa kidogo.

Idara ya jimbo inayosimamia matunzo ikiuchukia muswada, huupa bei. Sisemi ni hila kila mara. Mara nyingine ni uvivu. Mhasibu wa idara moja aliwahi kunitumia jumla ya malimbikizo ya mafaili yote ambayo kipimo cha DNA hakikufanyika, akaandika kwamba hiyo ndiyo hasara ya muswada. Ilikuwa namba yenye sifuri za kutisha, na tayari ilikuwa imevujia kwa mwenyekiti wa kamati. Nikamwandikia swali moja: katika deni hilo, mwaka uliopita mlikusanya kiasi gani? Alinyamaza hadi jioni. Jibu lilipofika lilikuwa dogo sana, na halikuwa na salamu.

Malimbikizo ya matunzo kote Marekani yamepita dola bilioni 100. Taasisi ya utafiti ya Urban Institute ilichunguza majimbo makubwa tisa, ikachapisha mwaka 2007 kwamba asilimia 70 ya deni lilikuwa juu ya watu wasio na kipato kilichoripotiwa, au wenye kipato kisichozidi dola 10,000 kwa mwaka. Ongeza riba, kwa sababu California inatoza asilimia 10 na Texas asilimia 6, na utaona deni linavyonenepa bila mtu kulipa. Kukifuta kitu ambacho kisingelipwa si kuipotezea hazina kitu hicho. Hasara ni ile sehemu ambayo kweli ingekusanywa, basi.

Fanya faili moja kwa mkono kabla ya kufanya elfu. Namba hizi ni za kubuni, nazitumia kuonyesha njia. Mtoto ana miaka tisa. Malimbikizo ni dola 18,000: jimbo linadai 12,000 za kipindi cha TANF, mama anadai 6,000. Rekodi za idara zinaonyesha deni la aina hii hukusanywa kwa asilimia 10 mpaka faili lifungwe. Basi katika 12,000, zingeingia 1,200. Uwiano wa Washington katika jimbo letu la mfano ni asilimia 60, kwa hiyo 720 ni zao na 480 ni zetu. Dola 480 ndizo jimbo linazopoteza kwenye deni lililotangazwa kamatini kuwa 18,000.

Sasa gharama za shauri. Saa nane za watumishi kwa dola 50 ni 400. Jimbo linabeba asilimia 34, yaani 136. Msemaji wa mtoto analipwa 900, na hazigawanywi na mtu. Mshahara wa jaji usiuhesabu, kwa kuwa yupo kazini hata muswada usipopita. Utauhesabu tu kama mashauri yatakuwa mengi kiasi cha kulazimu jaji mpya, na hilo liulize kwa msimamizi wa mahakama, usilikisie. Mpaka hapa jimbo limetumia 480 na 136 na 900, jumla 1,516.

Halafu toa akiba, jambo ambalo idara husahau. Faili likifungwa, hakuna tena kutuma notisi za kukata mshahara wala kuwinda anwani. Tuseme kazi hiyo ilikula dola 120 kwa mwaka. Fungu la jimbo ni kama 41, mara miaka tisa iliyobaki, karibu 367. Gharama halisi ya faili hili kwa jimbo ni kama dola 1,149.

Rudia kutazama vipande vyake. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni msemaji wa mtoto, wala si deni. Nimepiga hesabu hii kwa viwango mbalimbali na mara nyingi kipande hicho ndicho kinachoongoza, ilhali sikumbuki mbunge aliyeniuliza habari zake. Muswada unaosema mahakama "itateua" msemaji na ule unaosema "inaweza kuteua" hutofautiana bei kuliko ule unaofuta malimbikizo na ule usiofuta.

Kipimo chenyewe nani analipa? Mwaka 1981, katika kesi iliyotoka Connecticut, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwanamume maskini anayeshtakiwa ubaba hawezi kunyimwa kipimo kwa kukosa fedha. Hiyo ilihusu kuthibitisha ubaba. Kwenye kuutengua, Florida na Ohio kwa kawaida zinamtaka mwombaji aje na majibu ya kipimo mkononi, kwa hiyo gharama inakuwa yake na wale ambao kipimo kingewaumbua hawafiki kabisa mahakamani. Muswada unaomruhusu mtu afungue shauri kwanza ndipo jaji aamuru kipimo unaleta mashauri mengi na bili ya maabara.

Nne, watakuja wangapi

Usianze na idadi ya mafaili yote. Anza nayo kisha punguza. Toa yale ambayo DNA ilikwisha kufanyika. Hayana la kutengua. Yaliyobaki yagawe kwa jinsi ubaba ulivyothibitishwa, kwani kila njia ina tabia yake.

Hati za hiari ni nyingi lakini waliosaini wengi walijua wanachosaini. Hukumu za upande mmoja ndizo zenye moto: samansi ilipelekwa kwenye anwani aliyohama zamani, hakutokea, jaji akamtangaza baba bila kumwona uso. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya California ilitengua hukumu ya namna hiyo iliyokuwa ikikaziwa na Kaunti ya Los Angeles dhidi ya mtu ambaye kipimo kilionyesha si baba, na ikasema kaunti haina sababu ya kung'ang'ania fedha za mtu asiyehusika. Ukitaka kujua wimbi litakuwa na kimo gani, hesabu hukumu za upande mmoja.

Kisha ndoa. Wazee walisema kitanda hakizai haramu, na sheria ya Marekani kwa muda mrefu imesema hivyohivyo: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume. Mwaka 1989, katika Michael H. dhidi ya Gerald D., Mahakama Kuu iliiacha dhana hiyo isimame California ingawa kipimo cha damu kilimpa mwanamume mwingine uwezekano wa asilimia 98.07. Muswada ukiigusa dhana ya ndoa, idadi ya idara haitoshi tena. Amri nyingi za matunzo za talaka hazimo kwenye mafaili ya idara kabisa. Ziko kwa makarani wa mahakama za kaunti, na ni wao wa kuwapigia simu.

Ni wangapi watakaopimwa na kukuta si baba? Mwanaanthropolojia Kermyt Anderson alikusanya tafiti nyingi, akachapisha mwaka 2006. Kwa wanaume wenye uhakika na ubaba wao, wasio baba walikuwa kama asilimia 1.7. Kwa wale waliokuwa na shaka, karibu asilimia 30. Wapiga kelele wa pande zote huikwapua moja kati ya hizo na kuitumia kwa watu wote. Atakayefungua shauri ni mwenye shaka, kwa hiyo ya pili ndiyo inayomfaa. Lakini kuizidisha kwa mafaili yote ya jimbo ni upuuzi.

Njia ya kuaminika zaidi ni kuuliza waliotangulia. Ohio ilitunga sheria yake mwaka 2000, Georgia 2002, kisha Florida na Texas. Waulize makarani wa majimbo hayo maombi yalikuwa mangapi mwaka wa kwanza, na mangapi mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza hubeba waliokuwa wakisubiri mlangoni, hivyo usiutumie kukadiria mwaka wa tano.

Tano, tishio la Washington

Kwenye kila makadirio ya muswada huu kuna aya inayosema jimbo "linaweza kupoteza fedha za shirikisho". Mwaka 2002 Gavana Gray Davis wa California aliukataa muswada wa mwanzo, na hofu ya fedha hizo ilikuwa miongoni mwa hoja. Aya hiyo isome kama anavyosoma wakili, kwa sababu ndani yake kuna vitisho vitatu vyenye uzito tofauti.

Kizito kuliko vyote ni mpango wa matunzo wa jimbo kukataliwa na Washington kwa kuwa sheria yake inapingana na ya shirikisho. Hapo hatarini ni fedha zote za uendeshaji pamoja na ruzuku ya TANF, ambayo nchi nzima ni takriban dola bilioni 16.5 kwa mwaka. Ila ili ifike huko, muswada lazima upingane kweli: kwa mfano uruhusu hati ya hiari kufutwa wakati wowote bila udanganyifu wala kosa kuthibitishwa. Pia kuna marekebisho ya mwaka 1986 ya Seneta Bill Bradley wa New Jersey, yanayosema kila awamu ya matunzo ikifika tarehe yake inakuwa hukumu kamili, na haiwezi kupunguzwa kwa kurudi nyuma kupita siku upande wa pili ulipopewa taarifa ya ombi. Ndiyo maana miswada iliyoandikwa kwa makini haisemi "punguza malimbikizo". Inasema hukumu iliyoyazaa imetenguliwa. Ukiona lugha ya kupunguza, weka alama nyekundu.

Cha pili ni adhabu ya kiwango cha ubaba. Jimbo linapaswa kuwa limethibitisha ubaba kwa asilimia 90 ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, kwa njia moja ya kuhesabu kati ya mbili linazoruhusiwa kuchagua. Likiwa chini, lazima lionyeshe maendeleo, la sivyo TANF inakatwa asilimia 1 hadi 2 mara ya kwanza, na zaidi ikijirudia. Hili linahesabika. Jimbo lenye watoto 60,000 kwenye mafaili yake likitengua 300, limeshuka nusu ya asilimia. Aliye kwenye 97 hatahisi. Aliye kwenye 90.3 amevuka mstari. Omba takwimu ya mwaka wa mwisho ya jimbo lako kabla ya kuandika neno "hatari".

Cha tatu ni motisha. Tangu sheria ya mwaka 1998, Washington inagawa fungu la motisha kwa majimbo kwa vigezo vitano, ubaba ukiwa kimojawapo. Kwenye ubaba, ukifika asilimia 80 umepata alama zote, kwa hiyo kutengua mia chache hakuondoi kitu. Kinachoweza kushuka ni makusanyo, maana motisha hupimwa pia kwa kiasi kilichokusanywa, na makusanyo ya familia zilizo kwenye msaada au zilizowahi kuwa humo huhesabiwa mara mbili. Lakini amri za kila mwezi zisizolipika zikiondoka, uwiano wa makusanyo kwa matunzo ya kila mwezi huweza kupanda, kwa kuwa kigawanyo kimepungua. Mara mbili nimeona idara ikiandika hasara bila kuandika faida hiyo. Uliza zote mbili.

Nyumba ya mtoto iko safu gani?

Hesabu ya jimbo ina tabia mbaya: kinachotoka kwenye mkoba wa mama hakionekani. Mwanamume wa mfano wetu alikuwa akilipa, kwa kusuasua, wastani wa dola 150 kwa mwezi. Zikikatika, nyumba imepoteza 1,800 kwa mwaka, na safu ya serikali inaonyesha sifuri, isipokuwa mama akaomba msaada.

Hapo fuata mlango mmoja mmoja. Msaada wa chakula wa SNAP hupunguzwa kwa asilimia 30 ya pato halisi, kwa hiyo nyumba ikipoteza 150 msaada unaweza kupanda kwa dola 45 au zaidi, kama bado haujafika ukomo. Bima ya afya iliyokuwa kwa mwajiri wa mwanamume ikiondoka, mtoto huelekea Medicaid au CHIP, mpango wa bima ya watoto ulioanzishwa 1997, na huko jimbo linachangia. TANF ni nadra kuliko watu wanavyodhani, lakini ikitokea ni gharama ya moja kwa moja. Zidisha kila mlango kwa sehemu ndogo ya familia, wala usizidishe kwa zote. Wengi hukaza mkanda tu.

Kuna na kinyume chake kinachokera kukiandika. Mtoto wa mtu aliyestaafu, mlemavu au marehemu anaweza kulipwa na Social Security, mfuko wa shirikisho wa hifadhi ya jamii, hadi nusu ya stahili ya mzazi akiwa hai na asilimia 75 akiwa amefariki. Ubaba ukiondoka kabla, haki hiyo inaweza kuondoka nao. Kwa Washington hiyo ni akiba. Mkuu wangu wa kazi alikuwa akikata sentensi hiyo kila nilipoiandika, akisema haituhusu kama jimbo. Nami nilikuwa nikiirudisha, kwenye aya ya maelezo, nje ya jedwali, kwa sababu kamati inapaswa kujua kwamba kuna fedha zinazookolewa kwa kumnyang'anya mtoto.

Baba mwingine je? Sheria ya shirikisho inayataka majimbo yaruhusu kuthibitisha ubaba mpaka mtoto afikishe miaka 18, kwa hiyo baadhi ya mafaili yatapata mtu mpya na amri mpya. Weka kiasi kidogo. Baada ya miaka tisa au kumi kumbukumbu zimefifia, watu wamehama, na kumtafuta ni saa nyingine za watumishi.

Unapoandika

Usitoe namba moja. Toa wigo, na kwa kila ncha taja dhana iliyoizaa: idadi ya maombi, kiwango cha ukusanyaji, kama msemaji wa mtoto ni lazima au hiari. Tenganisha safu nne: jimbo, kaunti, shirikisho, na familia. Ya familia jedwali lisipoiruhusu, iandike kwa maneno chini yake. Gharama ya mara moja, kama kubadilisha programu ya kompyuta na fomu za mahakama, iwe na mstari wake, isichanganywe na ya kila mwaka. Kwa muswada mdogo hiyo programu peke yake inaweza kuwa nusu ya bili ya mwaka wa kwanza, na wenye mkataba wa kompyuta hawana haya kwenye bei.

Kataa maneno "hakuna gharama" hata yakitoka kwa mwenye muswada kwa tabasamu. Maneno sahihi, kama ndivyo hesabu inavyosema, ni kwamba gharama ni ndogo na inaangukia kaunti. Wabunge hupenda hilo la kwanza na makamishna wa kaunti watakushukuru kwa hilo la pili.

Juu ya ukurasa andika ni toleo gani la muswada ulilolihesabu na tarehe yake. Maneno mawili tu, "na malimbikizo", yakiingizwa kamatini dakika za mwisho, sehemu yote ya tatu inarudiwa upya. Sehemu ya watumishi na ya programu haibadiliki, kwa hiyo itunze kwenye karatasi yake. Na kama kura ni kesho asubuhi na una saa moja tu, itumie kumpigia simu msimamizi wa mahakama umwulize msemaji wa mtoto analipwa kiasi gani kwa shauri.